Si Kila Ashikaye Kitabu Ametumwa na Bwana

Kwenye lango la kambi ya askari, kama lile la Base ya Kamina, mlinzi haridhiki na mavazi ya mtu. Mgeni aweza kuvaa nguo safi za kijeshi na kutaja cheo chake kwa sauti kuu. Hata hivyo mlinzi ataomba hati yake, atasoma jina, atautazama muhuri. Hafanyi hivyo kwa kumchukia mgeni. Awalinda wale walalao ndani.

Mtakatifu Yoane aliwaagiza Wakristu wa kwanza kazi ya namna hiyo: wasisadiki kila roho, bali wazipime roho kama zatoka kwa Mungu (1 Yoane 4, 1). Naye Mtakatifu Paulo awaambia Watesalonike wasimzime Roho wala wasidharau unabii, lakini wapime yote na kulishika lililo jema (1 Watesalonike 5, 19-21). Maagizo hayo huenda pamoja. Akataaye kila neno jipya hakumtii Paulo. Apokeaye kila neno jipya hakumtii Yoane.

Watu wa Kamina wayahitaji sana maagizo hayo. Mji wao ni njia panda ya reli: gari-moshi la Lubumbashi, la Ilebo na la Kalemie hukutana hapo. Na katika Base wameishi askari wa majimbo yote pamoja na jamaa zao. Penye njia nyingi hupita mafundisho mengi. Mengine huhubiriwa kwa vipaza sauti, mengine hunong'onwa nyumbani usiku. Kila mwalimu asema: “Hii ndiyo njia ya mwanafunzi wa kweli wa Yesu.” Mkatekumeni, ambaye bado angojea Ubatizo, husikia na kufadhaika. Hujiuliza kama mafundisho ya katekista wake ni maziwa ya watoto tu, na kama nyama ya wakubwa yapatikana kwingine.

Basi, jambo la kwanza la kujua ni hili: kushika Kitabu Kitakatifu mkononi si hati ya kutosha. Shetani naye ayajua Maandiko. Alipomjaribu Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, alitaja Zaburi isemayo kwamba malaika watamchukua mwenye haki mikononi mwao. Maneno yalikuwa ya Mungu. Matumizi yalikuwa ya yule mwovu. Bwana hakuikana Zaburi, wala hakuogopa. Alijibu kwa Andiko lingine, likatazalo kumjaribu Mungu (Matayo 4, 5-7). Hapo alifundisha namna ya kupima: mstari mmoja uliokatwa mbali na wenzake waweza kuwa mtego, lakini Maandiko yote pamoja ni taa.

Yafaa kutazama mafundisho matatu yasikiwayo siku hizi na kuyapima kwa njia hiyo ya Bwana.

La kwanza lasema kwamba mwanafunzi wa kweli hupanda fedha kwa mhubiri ili avune utajiri, na kwamba maskini ni mtu wa imani haba. Husomwa nabii Malaki, pale Mungu aagizapo zaka iletwe ghalani (Malaki 3, 10). Ni kweli, Mkristu anapaswa kulitegemeza Kanisa na kuwasaidia maskini. Lakini mistari mitano kabla ya hapo, nabii yule yule asema kwamba Mungu atakuja upesi kuwahukumu wanaowaonea mjane na yatima na kumpunja mfanyakazi mshahara wake (Malaki 3, 5). Itakuwaje basi mjane aambiwe auze mbuzi wake wa mwisho, na karo ya mtoto wake iliwe, kwa jina la nabii aliyemtetea mjane? Bwana aliwatuma Mitume kuponya wagonjwa, akawaagiza watoe bure kwa kuwa walipewa bure (Matayo 10, 8). Simoni mchawi alipotaka kununua kipaji cha Mungu kwa fedha, Mtakatifu Petro alimkemea vikali (Matendo 8, 18-20).

Fundisho la pili lasema kwamba mwanafunzi wa kweli huwaacha wazazi wake na kumtii kiongozi wa kikundi katika mambo yote: nani amwoe, alime wapi, azungumze na nani. Husomwa Injili ya Luka, pale Yesu asemapo juu ya kumchukia baba na mama (Luka 14, 26). Maana ya maneno hayo ni kwamba Mungu ndiye wa kwanza, hata mbele ya wazazi. Lakini Yesu huyo huyo aliwakemea Mafarisayo waliomruhusu mtu kuwanyima wazazi wake msaada kwa kisingizio kwamba mali imekwisha kutolewa kwa Mungu (Marko 7, 9-13). Tena aliwaambia wanafunzi wake kwamba wote ni ndugu, na mwalimu wao ni mmoja tu, ndiye Kristu (Matayo 23, 8-10). Mchungaji mwema huwapeleka kondoo kwa Bwana. Hawatii alama yake mwenyewe.

Fundisho la tatu ndilo chungu kuliko yote. Panapokuwa na ugonjwa au kifo nyumbani, mhubiri amnyoshea kidole mtoto, mara nyingi yatima, asema ni mchawi. Mtoto afungwa, anyimwa chakula, afukuzwa. Husomwa neno moja la kitabu cha Kutoka juu ya wachawi. Lakini wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yoane 9, 1-3). Hakumtafuta mwenye hatia; alimponya mgonjwa. Na watoto aliwakumbatia, akawawekea mikono, akawabariki (Marko 10, 13-16). Hata sheria ya nchi ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, inayowalinda watoto, yakataza kumsingizia mtoto uchawi. Mkatekumeni akubaliye mtoto wa ndugu yake afukuzwe namna hiyo, amekwisha kumfukuza Kristu mlangoni, maana Bwana alisema kwamba ampokeaye mtoto kwa jina lake ampokea yeye (Marko 9, 37).

Lakini asidhani mtu kwamba hatari hutoka nje tu. Katanga yenyewe ina mfano mkubwa. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi kati ya Waluba, hata Kamina. Mwanzoni alifundisha kama bwana ajuaye yote. Baadaye alianza kuwauliza watu mioyo yao yatamani nini, akasikia: uzima, uzazi na mapendo. Toka mwaka 1953, huko Musonoi karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, ikakua Jamaa. Mume alijifunza kumheshimu mkewe na kuzungumza naye kwa moyo mmoja. Weupe na weusi, mapadri na walei, walijifunza kuitana ndugu. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki huko mwaka 1977.

Jamaa ilienea mbali, na wengi walipata mema mengi ndani yake. Lakini mahali pengine vikatokea vikundi vilivyopotoka, ambavyo watu waliviita Katete. Humo mafundisho yalifichwa, na ndoto zikapewa nguvu kuliko Injili. Katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kukemea na kuwataka watu wachague. Maneno yalikuwa yale yale: uzima, uzazi, mapendo. Tofauti ilikuwa wapi? Neno lililohubiriwa mchana lilikuwa limegeuzwa kuwa siri ya wachache.

Bwana Yesu, aliposhtakiwa mbele ya kuhani mkuu, alijibu kwamba alinena na ulimwengu waziwazi, wala hakusema neno kwa siri (Yoane 18, 20). Kanisa nalo lina hatua za ukatekumeni. Lakini mwisho wa hatua hizo mkatekumeni hukabidhiwa Kanuni ya Imani na Baba Yetu, maneno ambayo watu wote, hata watoto, huyasali kwa sauti kanisani. Hakuna Injili nyingine iliyofichwa nyuma ya altare.

Basi, mkatekumeni asikiapo fundisho jipya, na afanye kama watu wa Beroya. Walimpokea Paulo kwa moyo, lakini kila siku waliyachunguza Maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Nayo Maandiko yawasifu (Matendo 17, 11). Ikiwa Mtume alipimwa, katekista asione haya kupimwa, wala padri. Petro mwenyewe alikaripiwa na Paulo mbele ya watu alipokosa (Wagalatia 2, 11-14). Mkatekumeni na asome yaliyo kabla na baada ya mstari aliotajiwa. Na aulize jumuiya yake na katekista, maana Maandiko yalikabidhiwa kwa Kanisa lote, si kwa mtu mmoja. Na atazame matunda: je, katika fundisho hili wadogo wamelindwa au wameonewa?

Tena asiwadharau Wakristu wa makanisa mengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba kwao pia mna mema mengi yatokayo kwa Kristu. Jema na lishikwe, hata likitoka kwa jirani. Baya na likataliwe, hata likisemwa na rafiki.

SWALI: Mwanafunzi wa Yesu hujulikana kwa nini?
JIBU: Hujulikana kwa mapendo (Yoane 13, 35), na kwa kuchukua msalaba wake kila siku (Luka 9, 23).

SWALI: Mtu akileta mstari mmoja wa Maandiko ili kumwonea mdogo, ajibiwe nini?
JIBU: Ajibiwe kama Bwana alivyojibu juu ya kinara cha hekalu: kwamba tena imeandikwa.

SWALI: Je, msalaba huo ni wa kumtwika mwingine?
JIBU: Hapana. Bwana aliuchukua wake mwenyewe, akafa juu yake kwa ajili ya wengine. Afundishaye kinyume cha hayo, hata akiwa na sauti tamu na miujiza mingi, hakutumwa naye.