Homa na Kukesha: Sisi ni Mwili Mmoja

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Mwaka 1937, watafiti waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walipima damu ya mwanamke mmoja mwenye homa hapa kwetu West Nile. Wakakuta kirusi kisichojulikana, wakakipa jina la eneo letu. Leo kirusi hicho, kinachoenezwa na mbu, kimefika hadi Marekani. Lakini katika kila watu 10 wanaoambukizwa, takriban 8 hawaoni dalili yoyote. Mwili umepigana ukashinda, na mwenyewe hana habari. Subhanallah!

Litazameni jeshi hilo. Ngozi ni ukuta. Adui akipenya, chembe nyeupe za damu humzingira na kummeza. Nyingine hutengeneza kingamwili za kumnasa. Vita vikiisha, baadhi ya chembe hubaki zikimkumbuka, na akirudi hukuta anangojwa. Chanjo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Hata homa ni mwili wenyewe unaopandisha joto ili kumdhoofisha.

Ndiyo maana naipenda sana hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Humo Mtume (s.a.w.) anawafananisha waumini na mwili usiokiacha kiungo kinachoumwa peke yake, bali wote huingia katika homa na kukosa usingizi pamoja nacho.

Chembe iliyozaliwa ndani ya mfupa wa nyonga hukimbilia kidonda cha kidoleni, wala haiulizi kidole ni cha kabila gani. Je, sisi? Mkakwa wa Koboko, Mlugbara wa Arua, Mnubi, mkimbizi kutoka Kongo au Sudan Kusini, Ijumaa sote tunasimama safu moja. Lakini nani kati yetu amelala hosteli siku ya tatu na homa, na hakuna aliyebisha mlango wake?

Nawausia, na najiusia mwenyewe kwanza: tukiona pengo katika safu, tuulize. Tumpeleke mgonjwa kituo cha afya apimwe malaria, tumchangie nauli na dawa. Kinga ya mwili ni neema, nayo haituondolei wajibu wa kutafuta tiba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwa mwili mmoja kwa vitendo. Amin.

Wabillahi tawfiq.