Daktari wa kwenye simu naye abishe hodi



Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah (S.W.) ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Mtume (s.a.w.) naye alipomkuta mtu akichungulia nyumbani kwake kupitia tundu, alibainisha kuwa sababu ya kuomba ruhusa ni jicho. Nikisomesha aya hizi, wanafunzi huniuliza: kamera ya simu je, si jicho?

Ni jicho. Na siku hizi linaingia hadi kitandani kwa mgonjwa. Mtu wa Tanga anaonana na bingwa aliye Dar es Salaam bila kulipa nauli wala kulala ugenini. Hilo silipingi hata kidogo, ni neema.

Lakini mwaka 2024 mama mmoja, jirani yetu, alimsimulia mke wangu yaliyomfika. Kijana wake ndiye aliyebonyeza neno la kukubali, mama hajasomewa lolote. Daktari akamtaka aoneshe uvimbe kwenye titi, akaonesha. Mara akasikia sauti ya mwanamume mwingine upande wa pili ikiuliza swali. Pengine alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na alikuwa na haja ya kuwapo. Hakuna aliyemtambulisha. Mama akakata simu, na kwa miezi kadhaa hakutaka kusikia habari za daktari. Uvimbe ukabaki pale pale.

Wako watakaosema mgonjwa anataka nini zaidi ya kutibiwa? Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake aliashiria asinyweshwe dawa. Waliomuuguza wakadhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamnywesha. Alipozinduka aliwalaumu, akaamuru waliokuwamo nyumbani nao wanyweshwe, isipokuwa ami yake Abbas, ambaye hakuwapo. Na hao, ndugu zangu, walikuwa wakimpenda kuliko nafsi zao!

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika, naye anaweza kuiondoa ridhaa hiyo.

Basi daktari aseme yeye ni nani, nani yuko naye chumbani, kama mazungumzo yanarekodiwa na picha zitawekwa wapi. Aulize, kisha asubiri. Mafakihi wameruhusu kufunua uchi kwa tiba, ila kwa kiasi cha haja tu. Mtu wa tatu asiye na kazi hapo hana haja.

Nasi wanaume tunaojibu kwa niaba ya mama na wake zetu, kwa hoja kwamba hawajui simu: msomee maandishi hayo kwa Kiswahili anachokielewa, mwambie anaweza kukataa na bado akatibiwa kwa kwenda mwenyewe hospitalini, kisha mpe simu mkononi, utoke chumbani.