Kura ni Ushahidi: Swali la Kijana wa Mfangano

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwaeleza ndugu zetu swali tulilotolewa katika darasa yetu baada ya sala ya Isha. Aliyeuliza ni kijana mzaliwa wa Mfangano, kisiwa kilichomo katika Ziwa Viktoria, katika kaunti ya Homa Bay, naye yuko kwetu pwani kwa ajili ya kazi. Ametimiza miaka 18, amepata kitambulisho chake, na amejiandikisha kupiga kura kwa mara ya kwanza. Mjomba wake amemwambia ya kuwa mwenye kumpa kura mtu asiyekuwa wa kabila lake amemwuza mamake. Basi akatuuliza: "Masheikh wangu, je, ni kweli? Na nikimpa wa kwetu, hali najua kuwa hafai, nitajibu nini kesho mbele ya Mola wangu?"

Twakiri ya kwamba swali lile hatukulijibu usiku ule. Kabla ya jibu, mmoja wetu alimwambia, "Kwani wewe Mjaluo, Uislamu umeupata wapi?" Watu wakacheka, na kijana akainamisha kichwa. Kicheko kile ndicho kilichotufanya tuandike maneno haya, kwani tumeona kuwa ugonjwa aliokuja kuutafutia dawa kwetu, na sisi tunao.

Kwanza, na tutazame huko atokako. Watu wa Mfangano ni Abasuba. Wazee wao husimulia kuwa wahenga wao walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga, na lugha yao ya asili ni ya Kibantu, jamaa ya hiki Kiswahili chetu. Lakini kwa kukaa na Wajaluo, kuoana nao na kusoma nao, wengi wao leo husema Kijaluo, na lugha ya mababu zao UNESCO imeihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Tena katika miamba ya kisiwa hicho ziko picha za rangi zilizochorwa na watu waliokuwako kabla ya Abasuba. Hatusemi haya kwa kulidharau kabila la mtu. Lugha ya mama ni neema, na kuipoteza ni hasara. Twasema kwamba jina la kabila hugeuka kwa kupita vizazi vichache, na jambo ligeukalo hivyo halifai kuwa mizani ya kumpimia hakimu wala kiongozi.

Pili, na tujitazame wenyewe. Katika miaka ya 1920, Waarabu wa pwani ya Kenya walipopewa haki ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Waswahili wa Taifa Kumi na Mbili wa Mombasa walinyimwa haki hiyo. Watu waliosali safu moja wakaanza kupekuliana nasaba: nani Mwarabu, nani si Mwarabu. Unguja nako, katika zama za siasa za kuanzia mwaka 1957, Waislamu kwa Waislamu walisusiana maduka na hata mazishi kwa sababu ya vyama. Na katika uchaguzi wa Juni 1961 yalizuka machafuko yaliyoua watu 68. Je, baada ya haya twaweza kusema kwamba ukabila ni maradhi ya watu wa bara tu?

Sasa twarudi kwenye swali. Kupiga kura ni mambo mawili kwa pamoja. Ni ushahidi, kwa maana mpigaji kura ashuhudia kuwa mtu huyu anafaa. Na ni uwakilishi, kwa maana ampa mtu huyo mamlaka ya kutenda kwa niaba yake na kwa niaba ya wengine. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa ametuamrisha tusimame kwa uadilifu katika ushahidi, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa asabiya ni nini, alieleza kuwa ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhuluma. Kuwapenda watu wako si dhambi. Dhambi ni kuwashuhudilia uwongo.

Huenda mjomba akajibu: "Hayo ni maneno ya msikitini. Wenzetu wote wapiga kura kwa kabila. Sisi tukipiga kwa haki, tutaliwa." Hoja hii si ya kuchezewa. Mtu aliyenyimwa barabara, hospitali na kazi kwa sababu ya jina lake hana budi kutafuta ngao, na ngao aionayo karibu ni ndugu yake. Lakini hebu tuulize: ngao hii imewakinga akina nani? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Na wengi waliouawa walikuwa masikini, si wale waliogombea vyeo.

Tena si kweli kwamba haikupata kuwa vingine. Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni Wasuba wa Rusinga, kisiwa jirani na Mfangano, alisimama Nairobi Mashariki mwaka 1961. Wapigaji kura wengi wa huko walikuwa Wakikuyu, na mshindani wake, Dakta Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Nao wakampa Mboya ushindi mkubwa sana. Kuuawa kwake tarehe 5 Julai 1969 kulizidisha uhasama baina ya makabila, lakini hakukufuta yale waliyoyafanya wapigaji kura wale.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza chama kuasisiwa kwa msingi wa kabila au dini. Lakini sheria haiingii pamoja na mtu kwenye kijumba cha kupigia kura; huingia yeye na dhamiri yake, na Mola wake amwona.

Basi jibu letu kwa kijana wetu ni hili. Utapewa karatasi sita, tangu ya Rais hata ya mwakilishi wa wadi. Kwa kila moja jiulize: huyu ni mkweli? Ana uwezo? Amewahi kupewa amana akairudisha? Akiwa wa kwenu na anafaa, mchague bila ya haya. Akiwa si wa kwenu naye ndiye afaaye, ushahidi wako ni wake. Usipokee fedha, kwani ushahidi hauuzwi. Na mjomba wako usimjibu kwa ukali. Mwambie kwa adabu kuwa mamako hukumwuza, bali umekataa kumtolea ushahidi wa uwongo.

Nasi, kwa kile kicheko, twakuomba radhi mbele ya wote waliokuwako. Darasa ijayo njoo ukae mbele.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.