Kazi Nyingi, Riwaya Moja

Husemwa kuwa aliyeishi maisha ya hekaheka hakosi riwaya. Sikubali. Mwandishi Mwingereza Frederick Forsyth alirusha ndege za jeshi la Uingereza, akaripotia Reuters kutoka Paris, akashuhudia vita vya Biafra nchini Nigeria. Lakini riwaya yake The Day of the Jackal, iliyotoka 1971, haisimulii maisha yake. Inamfuata muuaji aliyekodiwa kummaliza Rais de Gaulle wa Ufaransa, ambaye kila msomaji alijua hakuuawa. Kinachotushika roho ni utaratibu: muuaji anasoma jina la mtoto kaburini, anatafuta cheti chake cha kuzaliwa, kisha anaomba pasipoti kwa jina hilo. Utaniambia Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, hakuwahi kuwa rubani. Kweli, ila alihudumu kwenye chumba cha dawa hospitalini, akazijua sumu za riwaya zake. Mwandishi kijana, kabla hujaacha kazi uliyonayo, andika jinsi inavyofanyika.