Kapime Macho Ungali Unaona

Kijana wa Gatwekera, dada wa Gatina, wewe unayejidunga insulini asubuhi kabla ya shule au kibarua: mwaka huu umepimwa macho? Sisemi kusoma zile herufi za ukutani. Nasema kutiwa matone mpaka mboni ipanuke, daktari achungulie hadi nyuma kabisa, kwenye retina.

Utaniambia unaona vizuri. Basi huu ndio wakati wa kwenda! Kisukari hula mishipa midogo ya retina kimyakimya, bila maumivu. Unaweza kuisoma namba ya matatu ya 46 ikiwa bado mbali na huku uharibifu umeshaanza. Ukungu na madoa meusi yanayoelea huja baadaye, kazi ikiwa imeshakuwa ngumu.

Na mtoto wa jicho si ugonjwa wa nyanya peke yake. Sukari ikikaa juu, sehemu yake hugeuka sorbitoli ndani ya lenzi ya jicho; sorbitoli huvuta maji, lenzi huvimba na kufifia. Humpata hata aliye shuleni, mara nyingine kabla hajajua kwamba ana kisukari. Huyo mara nyingi hupasuliwa, akawekewa lenzi mpya, akaona tena. Retina haina vipuri. Leza na sindano huokoa kilichosalia, ndiyo maana nakuhimiza uwahi.

Nguvu unayo mkononi. Katika utafiti uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa miaka 13 hadi 39, walioidhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuanza kuugua retina kwa asilimia 76. Sabini na sita! Ilikuwa kazi ya kila siku: kupima, kujidunga, kupanga chakula.

Huna friji? Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulifuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab. Insulini ilibaki na nguvu wiki nne katika nyuzi 25 hadi 37. Mabati yakiwaka mchana, iweke chini kwenye chombo cha udongo chenye ubaridi, mbali na jiko. Huna mashine ya kupimia? Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa vifaa, mashine ya sukari ikiwemo. Mtafute wa mtaani kwenu.

Jambo moja tafadhali: sukari iliyokuwa juu ikianza kushuka, macho huweza kuyumba kwa wiki kadhaa. Usikimbilie miwani, na usiache insulini ukidhani ndiyo inakupofusha. Mwambie daktari.

Mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa retina mara tu anapogunduliwa. Wa aina ya kwanza, ukishatimiza miaka 11 na ugonjwa umekaa miaka kadhaa, zamu yako imefika. Omba barua kliniki: kuna Kenyatta, kuna hospitali ya macho ya Lions kule Loresho, kuna Kikuyu. Matone yatakutia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukuvusha Ngong Road. Na kabla hujatoka mlangoni, dai tarehe yako ya mwakani.