Utu Hautengenezwi Karakanani

Tembo huweza kula kilo 150 za majani na magome kwa siku, lakini tumbo lake humeng'enya chini ya nusu. Kinyesi chake hujaa nyuzi. Mwaka 2003, mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts cha Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kilianza na vijana watatu viziwi waliogeuza kinyesi hicho kuwa karatasi. Huchemshwa kwa muda mrefu, huoshwa, huchanganywa na rojo la karatasi kuukuu. Kisha fundi huchota tabaka jembamba kwa fremu yenye wavu, hulikamua na kulianika.

Hapo mahubiri huja yenyewe: kilichotupwa kimepata thamani, na watu wenye ulemavu vivyo hivyo. Mahubiri hayo yana sumu. Yanamfanya kiziwi kuwa taka mpaka siku aliyoajiriwa.

Je, utu huzaliwa na manufaa, au huyatangulia?

Kuchemsha kinyesi hakuumbi uzi hata mmoja. Huondoa tu kilichoufunika. Na kutegemeana si upungufu: huko Rungwe, mkoani Mbeya, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na kuikandika udongo. Udongo huvumilia kubanwa lakini hupasuka ukivutwa. Mwanzi huvumilia kuvutwa. Ndiyo kanuni ya fundi wa boti za faiba anayelaza nyuzi za kioo ndani ya gundi: kila kimoja hubaki kilivyo, na ukuta husimama. Nani amewahi kuuita udongo kilema kwa kuwa unahitaji mwanzi?

Katika mgahawa wa Neema wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka. Masikio yao ni yaleyale. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi.

Dini zetu zilishasema kwamba utu hutangulia manufaa. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja mtu kuwa mfano wa Mungu kabla ya kumkabidhi bustani ailime. Wafasiri wa Kurani wanaeleza kwamba Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, aliyekuja kuuliza akapewa kisogo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Waajiri wa Mbeya na Iringa waitekeleze kama haki, si sadaka. Na yule ambaye mwili wake haumruhusu kufanya kazi yoyote, familia, kanisa na msikiti vimtunze kwa heshima ileile.