Haki ya Giza

Tangu utotoni tumefundishwa kupenda nuru na kuogopa giza. Elimu huitwa nuru, ujinga huitwa giza. Mwovu husemwa hujificha usiku, na mwema hutembea mchana. Mafunzo haya yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Msomaji, pima swali hili pamoja nami: je, giza laweza kuwa mali ya kulindwa? Na kama ni mali, mwenye kuwasha taa uani kwake ana wajibu gani kwa jirani atakaye kutazama nyota?

Swali hili limekwisha kuulizwa kwa vitendo katika nchi ya Afrika ya Kusini. Mwaka 1820 ilianzishwa huko Cape Town nyumba ya kutazamia nyota. Mji ulikuwa mdogo na usiku wake ulikuwa mweusi. Mji ukakua, taa zikazidi, na mwanga wake ukapanda ukaifunika mbingu kama utando. Nyota hazikuhama, macho ya watu ndiyo yaliyozibwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wakahamishia darubini zao Sutherland, mji mdogo katika nyika kavu ya Karoo, kiasi cha kilomita 370 kutoka Cape Town. Huko, juu ya kilima kipitacho mita 1,700, ilizinduliwa mwaka 2005 darubini kubwa iitwayo SALT. Kioo chake kina upana wa kiasi cha mita 11, nacho kimeungwa kwa vipande 91 vyenye pembe sita. Mwaka 2007 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda mahali pafaapo kwa elimu ya nyota. Hivyo giza likapata mlinzi.

Mgeni aendaye Sutherland usiku hapelekwi kwenye darubini za utafiti, maana hata taa za gari zaweza kuharibu kazi. Huonyeshwa mbingu kwa darubini ndogo zilizowekwa kwa ajili ya wageni. Somo la kwanza apatalo ni subira. Jicho lililotoka kwenye taa huona nyota chache. Likikaa gizani nusu saa hufunguka, na mbingu iliyodhaniwa tupu hujaa. Likimulikwa mara moja tu, hulazimika kuanza upya.

Katika majira yake mgeni huona kile kishada cha nyota tukiitacho Kilimia. Waxhosa wa nchi ile hukiita isiLimela. Sikiliza majina hayo mawili: yote yamebeba neno moja, kulima. Wazee waliokaa mbali hivyo walisoma kitabu kimoja kisicho na karatasi, wakajua wakati wa jembe. Waxhosa walihesabu hata miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa kurudi kwa nyota hizo. Mtoto akuaye bila kuziona amenyimwa ukurasa wa urithi wake, wala hajui kwamba amenyimwa. Ndio ubaya wa hasara ya namna hii: haina kilio.

Lakini yuko atakayesema: “Mwalimu, wewe walisifu giza kwa kuwa unayo taa. Sisi nyumbani twasoma kwa kibatari, na moshi wake watuumiza macho.” Neno hili ni la haki, wala sitalikwepa. Kumsifia giza mtu ambaye hakulichagua ni kejeli. Taa ya darasa, taa ya zahanati, taa ya njia apitayo binti jioni, hizo ni wajibu. Nyota zaweza kungoja.

Hata hivyo, tazama vizuri. Taa ya darasa si adui wa nyota. Adui ni taa isiyo na kofia, imulikayo mawingu usiku kucha pasipo mtu wa kumulikiwa. Nuru hiyo haimfai asomaye wala atembeaye. Katika pwani yetu huwadhuru hata viumbe wasio na neno: watoto wa kasa watokapo mayaini hufuata mng'ao wa bahari, na wakidanganywa na taa za ufukweni hugeukia nchi kavu, wakafa. Amwagaye maji mbele ya mwenye kiu hulaumiwa. Mbona amwagaye nuru mbele ya mwenye kibatari asifiwe kuwa ameendelea?

Basi kipimo ni hiki: nuru yangu ina haki ya kufika pale penye haja yangu, isivuke hapo. Hakuna akatazaye kupika, lakini mwungwana hauelekezi moshi wa jiko lake dirishani kwa jirani.

Kijana, ipo siku utakuwa mwenye nyumba, au fundi wa umeme, au diwani wa mji. Kabla ya kuwasha taa jiulize maneno matatu: Yamulika nini? Yamfaa nani? Mpaka saa ngapi? Ukiwa na majibu, iwashe bila haya. Ukiyakosa, izime, uwaachie wadogo zako mbingu waliyokuachia wazee wako.